Mtani Aliniambia Kuna Shimo

Mwaka 1891, kwa hesabu aliyonifanyia padre wa misheni, ugonjwa wa sotoka ulimaliza ng'ombe wa baba yangu. Nilikuwa na miaka saba, labda minane. Mama alihesabu umri wetu kwa mavuno, na mwaka ule mavuno yenyewe hayakuwapo. Tangu hapo shida nazijua kwa majina yake. Nimebeba mizigo hadi pwani. Nimepiga nyundo kwenye reli. Nimechimba almasi hapa Kambini mpaka mgongo ukakunjika. Lakini katika shida zote hizo sikuwahi kutumbukia shimoni mbele ya Serikali.

Mpaka leo asubuhi.

Masanja na Shija, ndugu zangu mlioko huko Geita kwenye dhahabu, nawaandikia mimi mwenyewe kwa mkono wangu (nilisoma miezi mitatu tu, herufi zikipinda zinyoosheni ninyi). Kesho kuna lori linakuja huko, na dereva wake alikuwepo, alicheka mpaka akaketi chini. Nataka habari hii muipate kwangu kabla ya kuipata kwake. Yeye ataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Tangu mwondoke, Kambini pamepoa. Mzungu mwenye mgodi amefunga, mashine zimepelekwa stesheni, vibanda vya wachimbaji vimebaki vinaliwa na mchwa. Basi Serikali ikasema hii si kambi tena. Anayetaka kubaki aombe kiwanja na kibali cha kujenga. Asiye na kibali, nyumba yake itabomolewa kabla ya mvua, naye atahamia ng'ambo ya mto, kule kwenye mbung'o. Hapo hata ng'ombe wa kusimuliwa hawezi kuishi.

Masharti yalisomwa barazani. Mipaka iwe wazi. Majirani waulizwe kama wana neno. Nyumba isikae juu ya shimo la machimbo. Na kila kiwanja kiwe na choo cha shimo, kirefu, mbali na nyumba na mbali na kisima.

Kiwanja ninacho. Ndicho kile ulichoniachia wewe Masanja ulipokwenda Geita, ukanishika mkono ukasema, "Kaka, nakuachia mahali pazuri." Nayakumbuka vizuri sana maneno hayo, hasa leo. Kuta nimesimamisha mimi mwenyewe, matofali nimefyatua mimi mwenyewe, mabati yameegemea ukuta yanasubiri kupanda. Kilichobaki ni kibali.

Na kibali si karatasi tu kwangu. Mke wangu, Mama Kabula, aliniambia tangu kiangazi kilipoanza. Mnamjua, huwa hapazi sauti, na hilo ndilo baya lake. Alisema, "Baba Kabula, tumehama mara nne. Ukihama ya tano utahama na mabati yako. Mimi nitakuwa kwa kaka zangu." Kisha akaendelea kuchambua mboga.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kwa kila sharti, isipokuwa la choo. Nilijaribu. Nilichimba karibu na nyumba, jembe likapasuka mpini, nikaazima jingine likakunjika ncha. Chini ya ule udongo mwekundu pana jiwe tupu. Sururu yangu ile nzuri, mnakumbuka, iliibwa zamani na watu wasiojulikana. Shimo nililopata ni la kuku kuatamia, na kuku mwenyewe kichwa kingebaki nje. Kuomba msaada sikutaka. Mimi ni mchimbaji. Mchimbaji akaombe watu wamchimbie choo? Nikasema Bwana Shauri, yule mzungu wa Serikali anayetoa vibali, akija nitamweleza. Maneno sijawahi kukosa.

Sasa niwakumbushe jirani yangu, Bi Tatu. Mzaramo yule, mjane wa mpishi wa mzungu, anayekaanga vitumbua njiani. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, kwa hiyo ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo. Ananitukana, namtukana. Akitaka kitu changu anakichukua, na nikinuna mimi ndiye mwenye makosa. Miaka yote hii sijasikia neno la kweli kutoka kinywani mwake likija upande wangu. Aliwahi kutangaza sokoni kwamba nimekufa. Watu wakaja na unga wa msiba. Mwaka jana alinikimbilia njiani akiapa nyumba yangu inaungua. Nilikimbia mpaka pumzi zikakatika. Nilikuta Mama Kabula anapika maharage.

Basi leo alfajiri Bi Tatu akasimama mlangoni kwangu na sinia lake.

"Mwangaluka, mtani," akasema. Kisukuma chake kinatia huruma. "Umevaa koti. Nani kafa?"

"Utakufa wewe kwa mafuta yako, mla nazi."

"Nisikilize. Leo sitanii. Nyuma ya nyumba yako, kule mwisho kwenye minyaa, usimpeleke mzungu. Masanja wako alifunika shimo pale kabla hajaondoka. Nilikuwa nampelekea vitumbua, nimemwona kwa macho yangu."

"Na lile dume langu limezaa?"

"Wallahi, mtani."

"Hata siku ya maharage uliapa."

"Ile ilikuwa utani," akasema. "Hii sio."

Mimi nikajiambia, mtani akishasema hatanii, jitayarishe, hapo ndipo penye utani wenyewe. Nikachukua kitumbua kwenye sinia bila kuomba (ni haki yangu), nikaenda zangu kupiga koti vumbi.

Jua lilipopanda Bwana Shauri akafika. Wa sasa ni kijana, mrefu kama mlingoti, Kiswahili chake cha kitabu. Alikuja na matarishi wawili wenye mnyororo wa kupimia na nondo ya chuma. Mwanangwa wetu, Mhoja, mkuu wa kijiji, alikuwepo na mwavuli wake. Na Kambini nzima ilikuwepo, maana siku hizi hapa hakuna kazi, na mtu akipimiwa kiwanja ni kama harusi. Lile lori nalo likasimama. Dereva akasema atatazama kidogo tu.

Mambo yalianza vizuri, na hilo lilinipotosha. Walipima mipaka, mipaka ikakubali. Wakapiga nondo ndani ya nyumba, chumba kwa chumba, nondo ikarudi inalia. Chini ni jiwe. Bwana Shauri akaandika. Nikamtazama Mama Kabula. Aliitikia kwa kidevu, kidogo tu, na kwa mke wangu hiyo ni sherehe.

"Na choo?" akauliza Bwana Shauri.

"Choo kinakuja, bwana."

"Kinatoka wapi?"

Watu wakacheka. Nikampeleka kwenye kile kishimo cha kuku. Akakitazama muda mrefu. Mhoja naye akainama akakitazama, akainua uso akatazama mawingu, ambayo hayakuwepo.

"Mzee," Bwana Shauri akasema kwa upole, "bila choo siwezi kukupa kibali. Kanuni ni kanuni. Nikiondoka leo bila kukitoa, sitarudi kabla ya mvua."

Nilisikia nyuma yangu Mama Kabula akijifunga kanga upya. Mtu aliyeoa miaka mingi anaijua sauti hiyo. Hiyo ni kanga ya safari.

Ndipo nikaanza kusema (na hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza). Nikamwambia Bwana Shauri ardhi ya hapa haichimbiki. Ni jiwe lote, toka ukuta hadi minyaa. Hata wachimbaji wa almasi, watu wenye mabavu, iliwashinda. Kiwanja hiki hakijapata kuwa na shimo tangu dunia iumbwe. Kanuni imewekwa kwa ajili ya watu wenye udongo. Mtu wa jiwe asamehewe choo.

"Hakuna shimo lolote?" akauliza.

"Hakuna, bwana. Muulize mwanangwa."

Mhoja akasema hakuna. Mhoja akiwa juani husema ndiyo kwa kila kitu.

"Majirani wana neno?"

"Mimi ninalo," akasema Bi Tatu. Akaweka sinia chini. "Shimo lipo. Lipo kule kwenye minyaa, limefunikwa, tena refu."

Kambini nzima ikaangua kicheko. Bwana Shauri akageuka huku na huku. Maskini, kwao hawana watani. Akauliza, "Mama huyu anasema kweli?"

"Ni mtani wake, bwana," Mhoja akamweleza. "Hasemi kweli."

"Leo nasema kweli!"

"Ndivyo wanavyosema, bwana."

Bwana Shauri akaniangalia mimi, akamwangalia Bi Tatu, akaangalia kitabu chake, kana kwamba mna ukurasa wa watani. Mimi nikaona mlango umefunguka. Nikasema, "Bwana, twende huko huko kwenye minyaa. Nitakuonyesha kwa miguu yangu kama pana shimo au pana jiwe."

Mnajua ujanani nilicheza ngoma ya majembe. Mnajua nilivyokuwa nikikanyaga, mpaka wazee wakasema Ng'wandu atatoboa nchi. (Nilidhani wananisifu.) Nikavua viatu. Nikachukua lile jembe la ncha iliyokunjika, nikalirusha juu, nikalidaka, watu wakapiga makofi, na dereva akashuka kabisa kwenye lori.

"Mtani, rudi," Bi Tatu akasema. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikamwitikia kwa wimbo wa kumtukana.

Nikakanyaga mara ya kwanza, ardhi ikajibu. Nikakanyaga mara ya pili, ikajibu. Nikaruka kama kijana. Mara ya tatu haikujibu.

Masanja, nataka uelewe vizuri. Mguu ulikwenda, nami nikaufuata. Nilisikia vijiti vikikatika kama mifupa ya kuku, vumbi likanijaa kinywani katikati ya neno la kuimba, kisha nikakaa. Nilikaa juu ya nyasi zilizooza, mzima, jembe limenitangulia. Nikatazama juu nikaona mbingu ya ukubwa wa ungo. Kofia yangu ilikuwa imebaki kule juu, kwenye ukingo, imeketi kama mtu anayenisubiri.

Nilielewa yote mara moja. Mchimbaji anayehama hufunika shimo lake kwa miti na nyasi, hutandaza udongo, ili mwingine asije akaichukua bahati yake. Nami nimefunika mashimo ya namna hiyo mangapi. Lakini mtu humwambia rafiki yake, Masanja. Humwambia.

Kisha nikashika kitu cha baridi pembeni yangu. Nikakivuta kwenye mwanga. Ilikuwa sururu. Yangu. Ina alama yangu kwenye mpini, ile niliyochoma kwa waya. Kwa hiyo wale watu wasiojulikana sasa wanajulikana. Tutazungumza.

Juu kulikuwa kimya, kimya cha watu wanaosubiri kujua kama wacheke. Halafu nikasikia kilio.

"Ohoo, mtani wangu! Ohoo, jabali wa Usukuma!" Alikuwa Bi Tatu. Alikuwa ameketi ukingoni, kanga kichwani, anajipigapiga magoti kama msibani. "Nilimwambia jamani, nilimwambia. Alikuwa mtu mwema marehemu, kichwa tu ndicho kilichokuwa jiwe. Bati zako nani atazilalia? Nitazilalia mimi. Na koti lako nani atalivaa? Kwangu litabana, lakini nitajitahidi."

Hapo ndipo walipocheka. Ndugu zangu, nimesikia radi za masika. Nimesikia baruti za mzungu zikipasua mwamba. Sijasikia kitu kama kicheko kile nikiwa chini yake.

Bwana Shauri alikimbia mpaka ukingoni. Akaona mwanamke analia, akavua kofia akaishika kifuani. "Amekufa?" akauliza.

"Hapana, bwana," Mhoja akasema akifuta machozi. "Huyo ni mtani wake anamlilia."

"Anamlilia kwa nini ikiwa hajafa?"

"Kwa sababu hajafa, bwana. Angekufa angemcheka."

Nadhani kuna jambo kijana yule aliliacha hapo hapo, hatalielewa tena maisha yake. Akavaa kofia, akalala kifudifudi, akachungulia. Tukatazamana.

"Mzee, umeumia?"

"Hapana, bwana."

"Umesema ardhi haichimbiki."

Mimi, mtu wa maneno, nilitazama ukuta wa shimo. Nikafikiri, basi, imekwisha. Nimesema uongo mbele ya Serikali, na uongo wenyewe nimeukalia. Nikafikiria mbung'o ng'ambo ya mto. Nikafikiria kaka za Mama Kabula, wanne, hakuna hata mmoja anayenipenda.

"Chini pana maji?" akauliza.

Nikadhani ananionea huruma nisije nikazama. "Hapana, bwana. Pakavu."

"Kuta zinamomonyoka?"

"Zimesimama imara, bwana." (Kusema kweli, Masanja, umechimba vizuri. Hilo siwezi kukunyima.)

Akashusha nondo mpaka chini, ikanigonga bega njiani. Akatazama ilipofika. Akawaambia matarishi wapime kutoka shimoni mpaka ukuta wa nyumba, halafu mpaka kisimani kwa Bi Tatu. Nilisikia mnyororo ukiburuzwa juu ya kichwa changu. Niliita, "Bwana, kamba!" Akanijibu, "Subiri kidogo, mzee, usisogee." Nikasubiri. Sikujua nasubiri nini. Nilishika sururu yangu kifuani kama mtoto.

Kisha uso wake ukarudi, mwekundu kwa jua, na mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Mbali na nyumba, sawa. Mbali na kisima, sawa. Kina kinazidi sharti. Mzee, choo chako kipo. Umo ndani yake."

Ilinichukua muda. Juu walielewa kabla yangu. Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, lakini safari hii, sijui niseme vipi, kilikuwa kinanibeba. Nilijikuta nami nacheka humo humo, peke yangu, nimejaa vumbi mpaka masikioni.

Kilichobaki ni kamba. Kamba ndefu Kambini ni moja tu, ya ndoo ya Bi Tatu. Alikuja nayo, akaizungusha mkononi, hakuishusha.

"Jogoo," akasema.

"Nini?"

"Jogoo mwekundu. Nimekulilia bure?"

"Mtani, nitoe kwanza."

"Jogoo kwanza. Leo asubuhi ulikula kitumbua changu ukaniita mwongo."

"Nitakupa tetea."

"Basi kaa. Umesema mwenyewe pakavu."

"Mpe," ikasikika sauti ya Mama Kabula, taratibu. "Mpe huyo mwekundu na yule mweupe pia. Mtu amesema kweli siku moja tangu tumjue, tusimkatishe tamaa."

Jogoo waliondoka kabla sijatoka. Niliwasikia wakilalamika njiani. Matarishi walinivuta, nikaibuka na sururu mkononi, na kofia yangu niliipokea kutoka kwa Bwana Shauri mwenyewe. Alitia sahihi kibali akitumia mgongo wa Mhoja kama meza. Akaniambia nifunike choo vizuri kwa magogo mazima na niache tundu dogo, "ili mwingine asije akacheza ngoma." Nilimshukuru, "Wabeja, bwana." Ameondoka anacheka peke yake garini.

Sasa ni jioni. Koti limefuliwa liko uani. Goti linauma kidogo, msimwambie mtu. Mama Kabula ameketi mlangoni anamenya karanga, na kila baada ya muda mabega yake yanatikisika. Hajasema neno juu ya kaka zake. Nimemwona tu akipima kwa macho dirisha litakaa wapi. Kifua changu chepesi, ndugu zangu, kama siku nilipotua mzigo wa mwisho pwani. Njia nzima watu wanaopita wananiamkia kwa heshima, halafu wanauliza habari za chini. Bi Tatu amepita na sinia, akasema choo kile ni urithi wake, yeye ndiye aliyekijua kwanza, na atakuja kukifungua. Nimemwambia karibu.

Kuanzia leo mtani akiniambia nyumba yangu inaungua, nitageuka nitazame kwanza, ndipo nimtukane. Ninyi mkicheka nitawaelewa, Shija. Masanja, wewe usicheke.

Na mtu akiwauliza huko Geita yule mzee wa Kambini amefika wapi tangu ng'ombe wa baba yake wafe, mwambieni anamiliki hivi: nyumba ya matofali, kuta zimekwisha. Mabati ya kuiezeka. Kiwanja chenye kibali na sahihi. Koti moja, kofia moja. Mke mmoja, hahami. Sururu moja, imerudi. Choo kimoja kirefu kuliko mwenyewe, amekipima kwa mwili wake.

Jogoo hana.